Kiungulia cha Tanuri

Mama hukata kaimati kwa mkono mmoja,
wa pili ukifukuza nzi, nyuma ya gereji pale Keko,
na furaha yake ni kuona unga umeumuka
hadi kitambaa kikainuka juu ya bakuli.
Mimi nalipwa mshahara kuzuia kuumuka.

Chang'ombe, banda la mabati, jina letu limefutika getini.
Ngoma inazunguka. Ndani yake vumbi la mawe ya Liganga,
jeusi, zito kuliko linavyoonekana,
bentonaiti kidogo, maji ya kunyunyiza kama ya mpiga pasi.
Vumbi linajikumbatia: choroko, kisha njugu mawe,
kisha vidonge vya milimita kumi na mbili.
Navichekecha, navianika, navipanga kwa sahani.

Sahani nne. Ya kwanza haina kitu.
Zilizobaki zimepata magnesia,
asilimia moja, mbili, tatu,
unga mweupe wa mawe ya Same yaliyochomwa.
Kibwana akauramba kwa ncha ya kidole, akacheka:
"Dada Sikudhani, hii si ile dawa ya kiungulia
bibi alikuwa akiitikisa kwenye chupa ya buluu?"
Ndugu yake, nikamjibu. Na tanuri nalo lina tumbo.

Tukawasha. Nyuzi elfu moja mia mbili na hamsini,
luku ikilia kama kifaranga kilichoachwa.
Saa nane usiku uniti zikakaribia sifuri;
Mtweve akanunua za elfu hamsini kwa fedha yake,
akabonyeza tarakimu ishirini bila kukosea
huku jicho moja liko kwenye kipimajoto.
Kwao Ludewa ni ukoo wa wahunzi.
Babu yake, anasema, alitia majani fulani tanurini,
hakumwambia mtu ni ya mti gani,
akafa nayo.
"Sisi tutaandika kila kitu," anasema,
akaandika saa, uniti, na jina langu kwa makosa.

Asubuhi vimepoa. Tukavibana kimoja kimoja.
Bila magnesia: kilo mia mbili sitini ndipo kikasema tak.
Asilimia moja: mia mbili thelathini.
Mbili: mia mbili na tano.
Tatu: mia na sabini, kikamomonyoka kama kashata ya juzi.
Mkurugenzi Shoo akashika kiuno:
"Ninunue unga ili nidhoofishe mawe?
Toka Liganga mpaka bandarini ni matuta mangapi?"

Ni kweli. Magnesia hujipenyeza ndani ya magnetiti,
ikakaa kama mpangaji asiyetaka kuhama,
na jiwe haligeuki lote kuwa jekundu, lililoshikana.
Baridini ni mnyonge.
Lakini nani anayeyusha chuma baridini?

Tukavirudisha motoni, safari hii na hewa ya mkaa,
ile inayoua waliolala na jiko ndani, madirisha yamefungwa.
Hapa kazi yake ni kulinyang'anya jiwe oksijeni.
Sahani ya kwanza ikavimba.
Nywele za chuma zikaota, vidonge vikapasuka,
vikalainika mapema, vikagandana kama ukoko wa wali,
na hewa ikakosa pa kupita.
Sahani ya tatu, ile ya asilimia mbili,
tulipoifungua kila kidonge kilikuwa peke yake.
Nikakitikisa kikombe: vikalia.
Mtweve hakusema neno. Akaenda kunawa uso.

Ripoti inataka namba moja tu.
Nimeandika mbili. Nimefuta, nimeandika moja na nusu,
nimefikiria matuta, nimefikiria tumbo la tanuri,
karatasi imechubuka pale pale.

Jioni nikampitia mama, vidonge vitatu mfukoni.
Akakipima kimoja kiganjani kama anayenunua ndimu,
akakigonga kwenye ukingo wa karai.
"Hiki hakikuumuka," akasema.
"Ndiyo, mama."
Akanirudishia, akageukia mafuta,
yalikuwa yameanza kutoa moshi.